Pijo Lililochemka Njia ya Soni

Hapo zamani, zamani ya juzi tu maana waliokuwapo bado wanasengenyana, Mzee Shekiondo wa Mombo alikuwa na gari, Pijo kuukuu, alilolipenda kuliko ndugu. Na ndugu alikuwa naye mmoja, Bi Nyange, aliyeolewa Lushoto. Walinuniana tangu walipogawana shamba la mama yao.

Pijo likaanza kuchemka. Akaitwa fundi Hiza. Hiza akafungua, akatoa tomostati, kile kifuniko kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, akakitupa majanini.

"Nchi ya joto hii, mzee. Hiki ni cha Wazungu na baridi yao."

Mafundi wote wa Mombo walifanya vivyo hivyo.

Pijo likachemka tena. Kumbe bila kifuniko kile maji yalipita njia ya mkato, hayafiki kwenye rejeta yakapoa. Mshale wa joto ukalala kwenye rangi nyekundu. Mzee akachomoa waya wake.

"Mshale mwongo huu. Unanipandisha presha bure."

Ikaja habari: Bi Nyange yu taabani, anamtaka kaka yake wasameheane kabla hajakata roho. Basi la asubuhi lilikuwa pale pale linaita abiria. Mzee akakataa.

"Nimfikie Nyange nimebanwa na matenga ya nyanya? Atanicheka hata akiwa anakufa!"

Akawasha Pijo. Mkewe, Bi Mwanahamisi, mbele. Hiza nyuma na spana zake.

Mlimani mke akasema, "Nanusa kuungua."

"Breki za lori hizo."

"Mume wangu, nanusa kuungua."

"Funga kioo, mwanamke!"

Karibu na Soni Pijo likakohoa, likafuka, likasimama. Hiza akasema, "Msiliguse, lipoe kwanza," akaenda kutafuta gari la kuwabeba. Bi Mwanahamisi hakungoja. Akateka maji ya kijito, yale ya baridi ya mlimani, akaimwagia injini ikiwa inatokota. Ta! Chuma kikapasuka.

Walifika jioni, juu ya lori la kabichi. Bi Nyange alikufa adhuhuri, na alishazikwa.

Mlangoni alisimama bintiye, Kibibi. "Mama amekufa anatazama mlango. Aliyemchelewesha mjomba asikanyage mkeka wa matanga. Ni nani?"

Hiza akasema, "Si mimi. Nilifanya wanavyofanya mafundi wote. Na nilisema lipoe! Aliyelipasua huyu hapa."

Bi Mwanahamisi akasema, "Si mimi. Lingepoa saa ngapi, na wifi anakata roho? Mimi nilimkimbilia mtu, nyinyi mnalihurumia gari. Na pua yangu ilisema mara mbili."

Kibibi akamkazia macho. "Wewe mkaza mjomba, mama hakukuita kwa jina tangu uolewe. Maji yale uliyamwaga kwa haraka, au kwa raha?"

Bi Mwanahamisi akajifunga mtandio. Wapo wanaosema alitabasamu. Mimi sikuwapo.

Mzee akasema, "Si mimi. Fundi kaliharibu, mke kaliua. Mimi nilikuwa nakuja! Hamjui kwamba nilikuwa nakuja?"

"Basi lilifika saa nne, mjomba. Mama alitutuma stendi. Tulimtazama kila aliyeshuka."

Mzee akaketi pale pale kizingitini, akalia kama mtoto, na hakuna aliyemshika mkono.

Haya, nyinyi mnaojua kuwahukumu wenzenu: wawili waingie matangani, mmoja arudi Mombo kwa miguu. Je, ni nani aliyestahili kufungiwa mlango?