Bi Mize Kikande na Pua ya Chewa

Hapo zamani za kale, enzi zile samaki walipokuwa na milango ya kubishiwa hodi na majirani wa kuazimana vijiko, waliishi kwenye mwamba mmoja wa matumbawe Bi Mize Kikande na mumewe, Makame.

Walikuwa wadogo hao, wanangu! Bi Mize ungemlaza kiganjani na nafasi ikabaki. Bapa, rangi ya kijani, madoa ya rangi ya chungwa mwili mzima kama kavaa kanga mpya. Mdomo mrefu kama wa birika. Ngozi yake ukiipapasa, kwaruu! Msasa wa seremala huo. Na kichwani mwiba mmoja, akitaka anausimamisha, akitaka anaulaza.

Humwoni Bi Mize bila Makame. Wanatoka pamoja, wanarudi pamoja. Na chakula chao kilikuwa kimoja tu: vile vijinywa laini vinavyochomoza kwenye matawi ya matumbawe. Do! do! do! Wanadonoa kidogo hapa, wanahamia tawi la pili, na pale walipodonoa panaota tena.

Basi asubuhi moja Bi Mize ametoka kutaga mayai yake kwenye mwani, chini ya tumbawe kuukuu. Amechoka, anataka kupumzika. Anafika kwake, nani kaziba mlango? Chewa! Chewa mwenyewe, mnene kama pipa, mdomo wazi kama mlango wa ghala.

"Hameni!" Chewa akanguruma.

"Hata salamu, Bwana Chewa?" Bi Mize akauliza.

"Salamu kwa waharibifu? Mnautafuna mwamba wetu nyie! Utaisha kwa ajili yenu. Tokeni leo hii, mkaishi kule mchangani."

Bi Mize akatazama kule mchangani. Peupe! Hakuna tawi, hakuna tundu, hakuna hata jani la kujibanza. Kikande akikaa pale, hamalizi kifungua kinywa chake kabla hajawa kifungua kinywa cha mwingine. Akamgeukia Chewa, akamwona anameza mate kwa uchu.

"Na shahidi ninaye," Chewa akasema. "Pono! Njoo useme."

Pono akaja na meno yake makubwa. "Ni kweli kabisa... krach, krach... hawa Kikande... krach... wanatumalizia mwamba."

"We Pono!" Bi Mize akafoka. "Unatoa ushahidi, na mwamba wenyewe umo mdomoni mwako? Huo mchanga unaotudondoshea kila siku unatoka wapi kama si tumboni mwako?"

Majirani wakaangua kicheko. Chewa akazungusha jicho moja tu, kicheko kikakatika. Tasi akajifanya anatafuta kitu chini. Kaa akarudi shimoni.

Hapo ndipo Bi Mize alipochomwa moyo hasa. Kufukuzwa kunauma, lakini kufukuzwa kwa kosa la mwingine, tena majirani wanajua na wameinamisha macho! Mwiba wake ukasimama wenyewe kwa hasira.

Makame akamnong'oneza, "Mke wangu, twende zetu. Tutapata pengine."

"Na mayai, Makame? Nayo tutayabeba?"

Makame akageuka kutazama kule kwenye mwani.

"Sihami," Bi Mize akasema. "Nisikilize. Wewe umekula nini maisha yako yote?"

"Matumbawe."

"Na mimi?"

"Matumbawe."

"Basi tunanuka nini sisi?"

Makame akajinusa. Akamnusa mkewe. Macho yakamtoka. "Tunanuka nyumba yetu!"

Bi Mize akamgeukia Chewa, akalainisha sauti kama anaomba radhi. "Bwana Chewa, watu husema wewe ndiye mwenye pua kuliko wote mwambani. Au wanakusifu bure?"

"Bure? Mimi nikipita, najua nani kajificha wapi na jana alikula nini!"

"Basi tushindane. Sisi tutajificha humu humu nyumbani kwetu. Bi Taa, yule jirani bapa wa mchangani, atapiga mabawa yake, avuruge mchanga, macho yasikusaidie. Ukitupata kwa pua yako, utule sote wawili, na mayai yetu ule. Usipotupata, unahama wewe."

"Haaa!" majirani wakashtuka.

Chewa akacheka mpaka nyasi zikalala. "Nimekubali! Nyote mashahidi!"

Lakini mkubwa huyo hakutosheka na ukubwa wake. Alikwenda pembeni akamnong'oneza rafiki yake Mkunga, yule mrefu kama kamba ya nanga. "Ingia chini ya matawi kabla maji hayajachafuka. Wakijibanza karibu yako, wasukume nje."

Bi Mize akauona mkia wa Mkunga ukipotea tunduni. Damu ikamchemka. "Ametuzidi nguvu, ametuzidi ukubwa, na bado anataka na kuiba!" Akataka kupiga kelele. Mara harufu ikamfikia: Mkunga alikuwa ananuka pweza aliyeoza. Bi Mize akafumba mdomo wake wa birika.

"Makame," akasema taratibu, "tunajificha juu ya lile tundu, matawi ya katikati. Mkunga yumo humo; asikufikie."

Bi Taa akapiga mabawa. Vuu! Vuu! Mchanga ukatifuka, maji yakawa kama uji.

Wale wawili wakajipenyeza katikati ya matawi, vichwa chini, mikia juu. Wakang'ata tawi kwa meno. Wakasimamisha miiba, ta! ta!, wakabana. Wakatulia, nao wakawa kama matawi mengine mawili.

Chewa akaja. "Mfff! Mfff!" Akanusa kulia: matumbawe. Akanusa kushoto: matumbawe. Pua yake ikapita karibu na shavu la Makame kiasi cha kumpuliza. Makame akatetemeka, mwiba ukamshikilia.

"Matumbawe, matumbawe, matumbawe tupu!" Chewa akaguna. "Wako wapi hawa?"

Bi Mize akaachia tawi kidogo. "Huku chini, Bwana Chewa!" akaita, kisha akang'ata tena.

Chewa akainama upesi. "Mfff!" Lo! Harufu ya nyama, nzito, ya karibu! Njaa ikamsahaulisha yote. Akapanua lile ghala. Gwap!

"Yalaaa! Mkia wangu!" Mkunga akapiga ukelele, akageuka, akamng'ata Chewa shavuni. Nga!

"Niache!"

"Niache wewe! Umenituma mwenyewe nijifiche niwatoe Kikande, sasa unanila mimi?"

Mchanga ukatua. Kila mtu akaona: Chewa kambana Mkunga mkia, Mkunga kamng'ang'ania Chewa shavu. Na juu ya kichwa cha Chewa, katikati ya matawi, Bi Mize na mumewe wakining'inia miguu juu, kama samaki wangekuwa na miguu.

"Pua imetupita mara ngapi hapa, Bwana Chewa?" Bi Mize akauliza.

Chewa akamrukia. Matawi yakamchana mdomo, miiba miwili ikamchoma ulimi. "Ptuu!" Akarudi nyuma anavuja damu.

Hapo majirani wakapata sauti. "Mdanganyifu! Hama! Ulikubali mbele yetu!" Tasi akamsukuma kwa miiba yake, Kaa akamfinya, mpaka Chewa akaondoka zake kilindini, na Mkunga anamfuata huku akimtukana.

Wakamzunguka Bi Mize kwa shangwe. "Hongera, jirani! Sisi tulijua utashinda!"

Bi Mize akalaza mwiba wake, akawatazama mmoja mmoja. Hakucheka.

"Asubuhi mlikuwa wapi?" akauliza. Akamshika mumewe, wakaenda kuangalia mayai yao.

Basi, wanangu, mkiona mnyonge anafukuzwa kwa uongo, semeni saa ile ile. Msingoje ashinde ndipo mshangilie.