Jicho Lisilomlisha Fundi

Soma hii taratibu, kisha mpelekee yule ndugu yako mbishi. Kila ukoo unaye.

Palikuwa na fundi saa mjini Korogwe, jina lake Shekilindi. Kazi yake ilikuwa ya jicho moja: lenzi aliibana kwenye jicho la kulia, la kushoto akalifumba. Miaka thelathini na moja hivyo hivyo.

Siku moja daktari alimpima akamwambia utando wa nyuma ya macho yake yote mawili umedhoofika, umekuwa kama kanga iliyofuliwa mno. Unaweza kuchanika bila hata kuuma. Akamwagiza kila asubuhi azibe jicho moja atazame kwa jingine, kisha abadilishe. Akiona vidoa vyeusi vingi vinaelea, au mimweko pembeni, au kama pazia linashuka, aje siku hiyo hiyo; asipoona kitu, arudi baada ya miezi sita.

Alifanya? Alifanya nusu. Aliziba la kushoto, akasoma kalenda kwa la kulia, akajisifu. Mkewe, Mama Hadija, akamuuliza, na la pili je?

"Hilo la kushoto halijawahi kunilisha."

"Miguu nayo haitengenezi saa, Baba Hadija. Ikatwe?"

Akacheka, akaenda zake kazini. Baadaye mimweko ikaanza upande wa kushoto; akasingizia bati jipya la jirani. Vidoa vikaja, akasingizia vumbi. Kisha hata vidoa hivyo akaacha kuviona, akawaambia wa nyumbani, si mliona, vimekwisha vyenyewe.

Miezi sita ilipotimia akarudi kliniki na mkewe, kifua mbele. Muuguzi akamziba jicho la kulia, akamwomba asome saa ya ukutani.

Fundi akakaza jicho la kushoto. Akageuza shingo huku na huku kama kuku aliyesikia mwewe.

"Naisikia inagonga," akasema polepole. "Mmeitundika wapi?"

Ilikuwa mbele yake, kubwa kama sinia.

Muuguzi akamwita daktari, naye akalichungulia jicho la kushoto. Daktari akaeleza kwamba utando ulichanika kitambo, maji yakapenya chini yake, ukabanduka. Angekuja siku ile ya mimweko, pangezibwa kwa mwanga wa leza, akarudi nyumbani kula chakula cha mchana. Sasa ni upasuaji, na hakuna wa kumwahidi kitu.

Fundi akashusha pumzi. "Basi. Mungu kaniachia la kazi."

Daktari alikuwa keshainama kulichungulia hilo la kazi. Akakawia.

"Mzee, na hili limechanika. Ni padogo, lakini usitoke hapa. Tunaziba sasa hivi."

"Mbona naona nalo vizuri?"

"Na lile uliona nalo vizuri, mpaka siku ulipoacha kuona."

Mikono iliyozoea kushika skrubu ndogo kuliko chawa ikaushika mkono wa mkewe. Mkewe ndiye aliyemwongoza hadi kwenye mashine ya leza.

Funzo: Jicho zima humfichia siri mwenzake mgonjwa. Ukiambiwa macho yako ni dhaifu, yapime moja moja, na kliniki uende hata kama huoni kasoro; majigambo hayajawahi kuziba tundu.