Mchi wa Mkawasi

Du, du, du. Mmeusikia mchi wa jirani, wajukuu zangu, hata jogoo hajawika. Nami nikasema, "Umesikia mchi, kaulize kinu," mkacheka, mkataka kujua msemo huo ulitoka wapi. Ulianza hivi.

Mwaka mmoja wa ukame huku Taita, kanisa liligawa mahindi kila Jumapili. Mkawasi, mjane mwenye watoto wadogo, alisema hakubakiwa na punje, akaomba aongezewe kidogo. Lakini jirani yake Wakesho, ambaye mtoto wake mchanga, Righa, hakumpa usingizi, kila alfajiri alisikia mchi nyumbani kwa Mkawasi.

"Hana punje, sasa anatwanga nini gizani? Mawe?" akasema kisimani. Wenzake wakacheka.

Neno likapanda mlima. Kufikia Jumapili, Mkawasi alikuwa na gunia zima chini ya kitanda, na wengine waliapa wameliona.

Wakati wa kugawa, wanawake wakataka arukwe. Mkawasi akainama kimya, watoto wameshika kanga yake. Mzee Maghanga, aliyekuwa akigawa, akaweka kibaba chini.

"Maandiko yanatuonya kwamba anayehukumu neno kabla ya kulisikiliza anajiaibisha. Nani amemuuliza Mkawasi?"

Mzee akatenga kibaba kimoja kando.

"Fungu lake nalihifadhi mpaka kesho. Wakesho, wewe umesikia mchi, kaulize kinu."

Alfajiri Wakesho akambeba mtoto mgongoni, akabisha hodi. Alimkuta Mkawasi anatwanga. Na kando yake, ungo mapajani, ameketi mama mkwe wa Wakesho mwenyewe, bibi Mkamboi!

"Mama! Unafanya nini huku?"

"Haya ni mahindi yetu, mwanangu," bibi akasema. "Mikono yangu haiinui mchi tena, na wewe mtoto hakuachi ulale. Nilimwomba Mkawasi anitwangie, asimwambie mtu. Ungejua, ungeamka kutwanga mwenyewe."

"Na uji nilioamkia jana?"

"Ulitoka kinu hiki hiki. Tena uliusifu."

Wakesho akakaa chini. "Dada Mkawasi, jana ungesema neno moja tu!"

"Nilikuwa nimeahidi, Mama Righa."

Wakesho akalia, kisha akamwomba msamaha. Kulipokucha alipita mlango kwa mlango akisema, "Nilisema nisilolijua." Mzee Maghanga mwenyewe alipeleka lile fungu, na watu wakaona kibaba chake siku hiyo kimefura kidogo. Jioni watoto wa Mkawasi walishiba wakalala mapema.

Kesho yake Wakesho alirudi na mchi wake. Wakatwanga wawili kwenye kinu kimoja, huyu akiinua, yule akishusha, na mtoto Righa, kwa mara ya kwanza, akalala fofofo mgongoni.

Walipomaliza, Mkawasi alimsindikiza hadi mlangoni.

"Umesikia mchi, ukaja kuuliza kinu," akasema akitabasamu. "Na kesho uje tena, Mama Righa. Usiache kuja."