Chiriku na Mtani Wake wa Mchangani

Sogeeni, sogeeni karibu. Mwanakheri, acha kugonga hiyo sahani. Tulieni nyote, yabaki masikio tu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, penye mikoko, alikaa Chiriku. Ndege mdogo, mdomo haupumziki. Chiri-chiri asubuhi, chiri-chiri jioni. Chini yake, majini, alilala Nyenga, samaki bapa kama ungo, mwiba mkiani, kimya kama hayupo. Walikuwa watani hao. Na mtani akikucheka, hukasiriki.

"Mtani," akasema Chiriku, "nani alikukalia hata ukawa hivyo?"

"Mama yako, alipochoka kukusikiliza."

"Mimi naimba, naruka. Wewe una nini? Mdomo wenyewe uko tumboni."

"Ndiyo maana hautoi upuuzi."

Basi Chiriku, kwa kupenda kumcheka mtani wake kwa karibu, akajenga kiota tawi la chini kabisa. Akataga mayai matatu. Maji yakajaa. Mara, chubwi, chubwi, Kenge huyo anakuja, ulimi nje, macho kwenye kiota.

Chiriku akaita: "Mtani, watoto wangu."

"Muimbie," akasema Nyenga. "Si una sauti?"

"Sina utani sasa, mtani."

"Hata mimi sina. Muimbie. Akitazama juu, hatazami chini."

Chiriku akaimba:

Kenge, Kenge, mkia mrefu,
umeoga lini, mbona mchafu?

Kenge akainua shingo. "Nani mchafu?" Akapiga hatua, macho juu. Akapiga ya pili, macho juu. Akakanyaga mchanga laini. Mchanga ukageuka, kumbe ni Nyenga. Chwaa! Mwiba ukazama mguuni. Kenge akatimua mbio, chubwi-chubwi-chubwi, hakuaga.

Chiriku akapapasa mayai yake. Yote yapo.

"Nikupe nini, mtani?"

"Mtani hapewi, hujichukulia. Nachukua kelele zako, mpaka maji yatoke."

Chiriku akafumba mdomo. Akavimba, akavimba. Kaa wakapita wakimcheka, naye kimya. Maji yalipotoka tu, chiri-chiri-chiri, yote kwa pumzi moja.

Basi wanangu, msipimane nani bora. Asiyefanana nawe ndiye atakufaa pale usipofika.

Hadithi yangu imetua hapo walipogawana: Chiriku akarithi matawi ya juu na nyimbo zake, Nyenga akarithi mchanga na ukimya wake, na Kenge akarithi kulamba kila njia kabla ya kukanyaga.