Kwa Nini Mto Msoloka Hushuka kwa Vituo Vitatu

Siku zile mlima Lukwele ulikuwa haujaona kiatu cha mgeni, wala geti la hifadhi, wala kibao chenye mshale cha kuonyesha njia ya maporomoko. Na maporomoko yenyewe hayakuwako. Mto Msoloka ulikuwako, tena mnene, lakini ulikaa juu kileleni kama mtu aliyepanda mti akasahau namna ya kushuka. Ulilala kwenye bakuli la mawe katikati ya miti yenye ndevu. Kila asubuhi ulijikokota hadi ukingoni, ukachungulia, ukaona misitu ya chini imekuwa midogo kama mchicha kwenye tuta, ukarudi taratibu ulikotoka. Mto ule uliogopa kuanguka. Anayebisha aeleze basi maji yote yale yalikuwa yanangoja nini.

Watu wa kijiji cha Ng'ambe, chini ya mlima, walilazimika kuufuata huko huko. Walitoka alfajiri, wakafika juu jua likiwa utosini, wakashuka na vibuyu vichwani huku wakiteleza na kuyatukana mawe. Nusu ya maji iliishia njiani. Mtu mmoja tu hakumwaga hata tone, naye ndiye aliyechekwa kuliko wote. Aliitwa Tulalumba. Mwanamke huyu aliogopa mteremko tangu utoto wake. Kila alipofika penye ukali aligeuka, akaupa mlima uso na bonde mgongo, akashuka kinyumenyume akipapasa kwa vidole vya miguu, kibuyu amekifunga kiunoni. Lutambi, mwanamume wa kifua kipana aliyeshuka kwa kurukaruka kama mbuzi, alimngojea chini na kumwambia maneno yale yale kila siku: "Dada yetu Tulalumba, sisi tunakufahamu kwa nyuma kuliko kwa uso." Watu wakacheka. Tulalumba naye akacheka, maana angefanyaje.

Ukaja wakati ambao mvua iliikosa Ng'ambe masika mbili. Vichemchemi vilivyonywesha mashamba ya bondeni vikakauka, maji ya vibuyu hayakutosha kumwagilia, mihogo ikawa mizizi mitupu. Mtwa Kihwele, aliyekuwa mkuu wa kijiji, aliwaita wazee, nao wakakata shauri kwamba mwezi ukiisha kijiji kihame, kivuke mbuga kwenda kwenye mabwawa, mwendo wa siku tano. Asiyeweza kutembea ataachiwa chakula. Hawakusema zaidi ya hapo, na hawakuwatazama watu machoni.

Tulalumba alikuwa na mama yake, Bi Semkunde, ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha kazi. Tena alikuwa mwanamke wa mwili hasa, si wa kubebwa mgongoni kama mzigo wa kuni. Alipoletewa habari hakulia. Alisema, "Niachieni moto na kibuyu kimoja. Simba wakija kuwaulizia, nitawaelekeza mlikopita." Majirani wakacheka, wakaondoka haraka. Tulalumba alibaki ameshika mlango.

Kabla ya kuhama, Mtwa alitaka kujaribu mara ya mwisho. Alipanda na wanaume wote na mitungi saba ya pombe, akauhutubia mto kwa heshima, akaueleza shida ya watu wake. Mto ukashukuru, ukanywa mitungi yote saba, ukajikaza ukafika ukingoni, ukachungulia. Ulirudi nyuma kwa kasi ambayo haijapata kuonekana, hata ukawalowanisha wazee hadi kifuani. Hapo Lutambi akakasirika. Akauambia kwamba hata chura anaruka, tena chura hana ukoo. Mto ukaona haya, ukajificha. Kesho yake wanawake waliopanda kuteka maji walizunguka vichakani hadi saa za alasiri wakiutafuta, na Lutambi hakupewa maji ya kunawa nyumbani kwake.

Mwezi ulipokuwa umebaki kama ukucha, Tulalumba alipanda peke yake. Hakwenda na hotuba. Aliketi chini akiwa amekumbatia mti, hatua ishirini kutoka ukingoni, akautazama mto, nao ukamtazama.

Mto ukauliza kwa nini hasogei karibu kama wenzake.

"Naogopa," alisema Tulalumba.

Watu wote waliopanda pale, tangu babu wa babu zao, hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo. Mto ukasogea kidogo, ukamwambia kwa sauti ya chini, "Wewe ukiteleza, unateleza mguu mmoja. Mimi nikiteleza, nateleza mzima."

Tulalumba aliona kwamba hilo ni kweli. Akaueleza anavyoshuka yeye: uso kwenye mwamba, bonde huliangalii, unalitazama jiwe lililo mbele ya pua yako mpaka liishe, halafu lingine. Mto ukasikiliza vizuri. Mwishowe ukauliza, "Sasa ukitazama mwamba, nani anauonyesha mguu pa kukanyaga?"

Swali hilo lilimkaa. Yeye hakuwahi kuonyeshwa na mtu. Na hao waliokuja kuubembeleza mto, wazee kwa vijana, wote walisimama nyuma yake, juu, penye usalama, wakisema nenda, nenda. Hakuna aliyesimama chini akasema njoo. Tulalumba akamfikiria mama yake na ule moto na kibuyu kimoja. Akauachia mti. Akaenda ukingoni kwa magoti, akageuka, akauteremsha mguu wake wa kwanza mahali ambapo hapakuwa na njia ya mtu wala ya nyani.

Alishuka hadi akapata sakafu ya jiwe pana kama ua wa nyumba. Akasimama, akaita juu. "Njoo sasa. Upe mwamba uso. Kushoto kuna jiwe limetokeza, hapo hapo. Shuka kidogo." Mto ukafumba macho ukaja. Ulipiga yowe ambalo kulungu walilisikia upande wa pili wa mlima. Ukatua juu ya lile jiwe ukitetemeka, jasho likaruka pande zote likawa ukungu, na Tulalumba akalowa chapa. Wakapumzika. Akashuka tena hadi kituo cha pili, akaita tena, nao ukaja tena na yowe lake, safari hii fupi kidogo.

Kituo cha tatu ndicho kilichotaka kumuua. Alifika katikati, mguu wa kulia ukatafuta pa kukanyaga ukakosa. Wa kushoto ukaanza kucheza wenyewe kama wa cherehani. Hakuweza kupanda wala kushuka, na vidole vilikuwa vinalegea.

"Dada, umenyamaza," mto ukasema kutoka juu.

"Sioni pa kukanyaga."

Mto, ambao maisha yake yote haukupata kutazama chini bila kukimbia, ukainama ukatazama. "Kulia kwako, chini ya goti, kuna ufa," ukasema. "Bado. Bado. Hapo."

Mguu ukaingia kwenye ufa. Tulalumba akateremka hatua zilizobaki huku mto ukimhesabia mawe, akaanguka kwenye majani ya bondeni kwa makalio, salama. Akaita kwa sauti iliyokwisha kukauka, na Msoloka ukashuka wote, yowe moja refu, ukatua mbele yake. Ukajilaza pale, mpana na mtulivu, ukashusha pumzi. Tulalumba akajitupa ndani na nguo zake. Walicheka wote wawili, kicheko cha mtu aliyetoka hai, wasijue wanachokicheka.

Jioni ile maji yalipita mlangoni kwa Bi Semkunde. Alivutiwa kigoda karibu, akatia miguu yake, akakaa hivyo hadi vidole vikakunjamana. Watu wa Ng'ambe walifungua mizigo yao. Lutambi ndiye aliyechelewa zaidi, maana alikuwa ameifunga yake kwa mafundo ya mtu asiyetaka kurudi.

Na tangu siku hiyo Msoloka hushuka kwa vituo vitatu, umeukumbatia mwamba, na ukungu unaowalowanisha wageni kabla hawajafika ni jasho lake. Ndiyo maana pia waongoza watalii wa Lukwele, penye ngazi za mizizi, hutangulia chini wao kwanza, wakageuka, wakasema: mguu wa kushoto, kidogo tena, hapo. Hawasukumi mtu kutoka juu. Nawe ukifika kwenye bwawa lililo chini ya maporomoko magoti yanacheza, usijikaze mbele za watu ukasema hukuogopa. Sikiliza hiyo kelele iliyo juu yako. Mto huo umeshuka kila siku tangu zama za Tulalumba, na kila siku unapiga yowe, na haujaona haya hata mara moja.