Mahali pa Mwisho pa Kugeukia

Hapo zamani, na msidhani ni zile za sungura na fisi, ni zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na kijiji cha Itundaju, juu kwenye milima ya kusini. Mvua ikinyesha, barabara yake haipitiki. Mgonjwa mahututi alifuatwa kwa ndege ndogo, na ndege ilikuwa na njia mbili. Njia ya korongo, dakika kumi na mbili. Njia ya kuzunguka mlima, dakika arobaini. Lakini korongo ni jembamba, na ukungu hulijaza kutoka chini, kimyakimya.

Mjini alikuwepo fundi, Lugano, kazi yake kutengeneza skrini inayokaa mbele ya rubani na kumwonyesha pa kupita. Miaka minne alihangaika nayo. Ukiiwasha, unatokea mstari mmoja wa buluu, umenyooka, mfupi kuliko njia zote.

"Rubani afuate mstari tu," alisema Lugano. "Kuumiza kichwa kwa nini?"

Rubani alikuwa Atupele, dada mwenye mkono mtulivu. Akafuata mstari. Mstari ukampeleka korongoni. Katikati ya korongo ukungu ukafunga mbele yake, akageuza ndege bawa likichana vilele vya miti ya mipaini, akatoka mzima. Akatua, akafuta jasho, akanyamaza. Akisema, si watamnyang'anya leseni? Miezi minane alinyamaza, na wenzake wanaufuata mstari uleule.

Na ukingoni mwa korongo alikuwepo mkulima wa viazi, Sekela. Siku ile aliiona ndege ikiingia, na ukungu anaujua kama anavyowajua wanawe. Hakumwambia mtu. "Wenye ndege wana mitambo yao," alijisemea. "Mimi na jembe langu nitawafundisha nini?"

Mnaona? Watatu, na kila mmoja ana lake la kujibu. Tulieni, sijafika.

Siku moja marubani wakaitwa kikaoni. Lugano akasimama kifua mbele: "Tangu tuifunge skrini hii, hakuna rubani hata mmoja aliyelalamika!"

Atupele akainuka. "Kaka Lugano, mimi nililia. Nililia peke yangu ndani ya ndege." Akasema yote. Wakubwa wakamzuia kuruka miezi mitatu.

Lugano akarudi mezani kwake, akaufuta mstari. Kazi ya miaka minne, akaifuta. Kisha akapanda kiti cha nyuma, akaruka na marubani safari tisa, akatapika safari zote tisa, na huku anauliza: hapa unatazama nini? Hapa unaogopa nini? Wakamjibu: "Tunaogopa kukosa pa kugeukia." Basi akatengeneza skrini nyingine, isiyotoa amri. Ilionyesha njia zote mbili, ikaonyesha mafuta yanafika wapi, na alama moja ya njano: mahali pa mwisho pa kugeukia. Ukipita hapo, korongo halikupi nafasi tena.

Lakini ukungu ukipanda, alama lazima isogee. Na ukungu wa chini nani atauona? Setilaiti huona mgongo wa mawingu tu. Lugano akapanda mlima kwa miguu, akamkuta Sekela shambani.

"Shikamoo mama. Ukungu uko wapi sasa hivi?"

"Marahaba. Uko kanisani," alijibu Sekela bila kuinua kichwa. "Ukifika kwenye mipaini, korongo limefungwa."

Lugano nusura alibusu lile jembe. Tangu siku hiyo Sekela akawa anatuma neno moja kwa simu kila saa, pale ukungu ulipofika kutoka chini kwenda juu: maporomoko, kanisa, au mipaini. Neno lake likawa linaisogeza alama ya njano mbele ya rubani.

Sasa sikilizeni vizuri. Bupe wa Itundaju akashikwa na uchungu. Siku ya kwanza, mtoto hatoki. Siku ya pili, mtoto hatoki, amekingama tumboni. Bupe alikuwa ameshazika wawili. Atupele, aliyekwisha kurudishiwa ndege, akaruka. Skrini, ikishikilia neno la mwisho la Sekela, ikamwonyesha korongo li wazi. Nesi analia kwenye redio: "Njoo dada, njoo upesi, tunampoteza!"

Sekela siku hiyo alikuwa kitandani na homa. Akausikia muungurumo, akajifunga blanketi, akajikokota hadi ukingoni. Akatuma neno: mipaini.

Alama ya njano ikarudi nyuma, ikaja karibu kabisa na pua ya ndege. Mbele, kwa macho, bado kuko wazi. Nesi analia. Atupele akauma meno, akaigeuzia mgongo njia ya dakika kumi na mbili. Akazunguka mlima, akafika, akambeba Bupe, akazunguka tena hadi hospitali. Na mtoto wa kike akalia, akalia kwa nguvu hata madaktari wakacheka!

Siku ya kumpa jina, wote watatu walikuwepo. Ukoo wa Bupe hutoa jina moja tu. "Mtoto si treni," alisema bibi yake, "avute majina matatu nyuma."

Bupe akasema, "Ataitwa kwa jina la aliyemleta. Semeni wenyewe."

Lugano akasema, "Niliifuta kazi yangu kwa mkono wangu. Bila alama ile, dada angegeukia wapi?"

"Na mstari uliompeleka korongoni aliuchora nani?" aliuliza bibi.

Atupele akasema, "Niliianika aibu yangu, alama ikazaliwa. Na siku ile ndimi niliyegeuka, nesi akinililia sikioni."

"Na ile miezi minane, mwanangu?"

Sekela akasema, "Skrini haina macho. Macho yalikuwa haya yangu, yenye homa."

"Na siku ya kwanza ndege ilipoingia korongoni, macho hayo yaliona, mdomo ukafanya nini?"

Bupe akawatazama mmoja mmoja, machozi yanamtoka, mapenzi yamemjaa, na jina halimjii.

Mpaka leo wanamwita Mgeni. Ameshaanza kutambaa, na ndege ikipita huacha kila kitu akatazama juu. Hawezi kuitwa Mgeni nyumbani kwao hadi aolewe. Haya, nyie mnaojua kusikiliza: Bupe akisimama mlangoni jioni kumwita mwanawe, aite jina la nani?