Kengele ya Kwemizi

Si zamani sana, meno yangu yalikuwepo bado, kijiji chetu cha Kwemizi kiliunganishwa na Mlalani, ng'ambo ya kilima. Wao kaya mia tatu, sisi kumi na saba, wavivu watupu. Mali yetu ilikuwa ringi ya lori tuliyoigonga kuitana mkutanoni.

Mwenyekiti wao, Shekalaghe, akaja na vijana wanne. "Kengele inahamia kwangu. Mikutano yote sasa ni uani kwangu."

Tukanywea. Nani angepanda kilima kile kila mkutano? Mimi kwenda kisimani tu napumzika mara mbili.

Jirani yangu, Mama Hoza, akasema kwa upole, "Chukua, baba. Ila ina mila yake. Utaifuata?"

"Hata ziwe kumi!"

"Apa mbele ya watu."

Akaapa huku akicheka.

Jumatatu akaigonga. Tukafika tunahema, kila mtu na sahani yake.

"Sahani za nini?" akauliza.

"Mila, baba," akajibu Mama Hoza. "Agongaye ndiye alishaye."

Watu wa Mlalani kusikia hivyo, wakakimbilia sahani zao nao. Tulikula makande, tukagombania ukoko bila haya.

Jumatano akagonga, tukala tena. Ijumaa akairudisha ringi begani mwenyewe, mkewe nyuma akimsonya.

Nikamuuliza Mama Hoza, "Shoga, mila hiyo mbona sikuwahi kuisikia?"

"Ungeisikia wapi? Alipokuwa akiapa, nilikuwa bado naitunga."